Ndama anahara, anakonda au ana tumbo kubwa: kutafuta kimelea husika na kukitibu

Ndama akianza kuhara, jambo la kwanza wengi hufanya ni kushika chupa ya dawa ya minyoo. Kwa ndama wa siku kumi, chupa hiyo haina kazi. Minyoo mingi haijapata muda wa kukua ndani yake, na vimelea vinavyowapata ndama wa umri huo si minyoo kabisa: ni protozoa, viumbe vya chembe moja ambavyo dawa za minyoo kama albendazole, levamisole na ivermectin haziviui. Siku tatu za kungoja dawa isiyohusika ndizo zinazoua ndama, kwa sababu muda wote huo anapoteza maji na hakuna anayemrudishia.

Kwa hiyo kabla ya dalili yoyote, uliza umri. Kila kimelea kinahitaji siku kadhaa tangu kuingia tumboni hadi kuleta ugonjwa, na siku hizo zinajulikana:

- Siku ya 1 hadi ya 4: karibu kamwe si kimelea. Fikiria bakteria (E. coli), kukosa maziwa ya mwanzo, maziwa baridi au vyombo vichafu.
- Siku ya 5 hadi wiki ya 4: kripto (Cryptosporidium parvum), mara nyingi pamoja na virusi vya rota na korona.
- Wiki ya 2 hadi mwezi wa 3: mnyoo mkubwa wa ndama (Toxocara vitulorum) na mnyoo uzi (Strongyloides papillosus).
- Wiki ya 3 hadi mwezi wa 6: koksidia (Eimeria), na wakati mwingine giardia, zote mbili protozoa.
- Kuanzia kama mwezi wa 3, kwa ndama anayekula malisho: minyoo duara ya tumbo na utumbo.

Ndama wa wiki mbili asiyewahi kugusa malisho hawezi kuwa na ugonjwa wa minyoo ya malisho. Ndama wa wiki moja hawezi kuhara damu kwa koksidia. Kama anahara damu, sababu ni nyingine na mara nyingi ni mbaya zaidi.

Vipimo vya kwanza, kabla ya dawa yoyote

Pima joto kwa njia ya haja kubwa. La kawaida ni nyuzi 38.5 hadi 39.5. Likizidi 39.5 kuna maambukizi ya bakteria au ugonjwa mwingine juu ya vimelea. Likiwa chini ya 38, ndama amepoa na yuko hatarini hata kama bado amesimama.

Vuta ngozi ya shingo kisha iachie. Ikirudi mara moja, maji yapo. Ikichukua sekunde 2 hadi 5, anahitaji maji ya chumvi kwa mdomo leo, si kesho. Ikizidi hapo, na macho yamezama, masikio na miguu ni baridi, mdomo haunyonyi kidole, usipoteze muda na chupa: huyo anahitaji dripu, mwite daktari wa mifugo sasa.

Funua kope la chini na utazame rangi. Waridi ni sawa. Nyeupe ni upungufu wa damu.

Mwisho, piga magoti kwenye matandiko anapolala, uhesabu hadi ishirini. Magoti ya suruali yakilowa, umeshaona nusu ya tatizo.

Dalili: kuhara maji ya manjano au ya kijivu, wiki ya 1 hadi ya 4

Anayeongoza hapa ni kripto, akiwa peke yake au na virusi vya rota. Wanaofuata ni virusi vya korona, kisha makosa ya maziwa: vipimo vinavyobadilika kila siku, maziwa ya unga yaliyochanganywa vibaya. Bakteria ya salmonella haitokei mara nyingi lakini ni hatari kuliko wote. Huja na homa, harufu kali na vipande vya utando kwenye kinyesi.

Kripto huanza siku 3 hadi 5 baada ya ndama kulamba kinyesi chenye vimelea. Kinyesi ni cha maji, chenye kamasi, na hudumu kama wiki moja hata ukifanya kila kitu sawasawa. Hilo lijulikane mapema, maana mfugaji asiyelijua hubadilisha dawa kila siku akidhani zote zimeshindwa.

Anza na maji. Ndama wa kilo 40 aliyepoteza asilimia 8 ya uzito ana pengo la lita 3.2, na juu yake anahitaji lita 2 za kawaida kwa siku, bado hujahesabu anazoendelea kutoa. Kwa hiyo mpe lita 2 za maji ya chumvi ya ndama mara mbili hadi tatu kwa siku, ya uvuguvugu wa mwili. Pakiti maalumu za ndama ndizo bora. Ukizikosa, kwa siku moja ya kuvukia unaweza kupima kwa mizani: glukosi ya unga gramu 20, chumvi gramu 4 na magadi ya kuokea (bikaboneti ya soda) gramu 4 kwa kila lita ya maji safi. Usiweke sukari ya kawaida mahali pa glukosi. Utumbo wa ndama hauna kimeng'enya cha kuivunja, hivyo hubaki tumboni ikivuta maji, na kuhara kunazidi.

Usimwachishe maziwa. Ushauri wa zamani wa kumnyima maziwa siku mbili humnyima chakula pekee alichonacho. Mpe asilimia 10 hadi 12 ya uzito wake kwa siku, yakigawanywa mara tatu au nne, lakini yatenganishe na maji ya chumvi kwa saa mbili au zaidi: magadi huzuia maziwa kuganda tumboni inavyotakiwa.

Asiponyonya, mpira wa kunyweshea utamsaidia ikiwa anayeutumia anajua. Ukiwa umeingia vizuri, unapopapasa shingo utahisi mirija miwili migumu: koo la hewa na mpira kando yake. Ukihisi mmoja tu, au ndama akikohoa, uchomoe. Lita mbili kwenye mapafu ni kifo.

Dawa ya kripto yenyewe ni halofuginone, mikrogramu 100 kwa kila kilo, mara moja kwa siku kwa siku 7. Kwa maji yenye miligramu 0.5 kwa mililita, ndama wa kilo 40 hupata mililita 8. Ina masharti matatu ambayo wengi huyaruka: ipewe baada ya kunyonya, isipewe ndama aliyehara zaidi ya saa 24 au aliyedhoofika, na isizidishwe, kwa kuwa dozi maradufu tu inaweza kumletea sumu. Kazi yake kubwa ni kupunguza vimelea vinavyotoka na kuwakinga ndama wanaozaliwa sasa, ikianzwa ndani ya saa 24 hadi 48 tangu kuzaliwa.

Antibayotiki haziui kripto. Zinahitajika ndama akiwa na homa, damu kwenye kinyesi au amelegea mwili mzima, na uamuzi huo ni wa daktari. Mwite pia kama ndama amelegea na hanyonyi ilhali ngozi inarudi haraka: mara nyingi damu yake imejaa asidi, na maji ya mdomo pekee hayatamwinua.

Dalili: kinyesi chenye damu au kamasi, anajikamua, mkia umepakaa

Kwa ndama wa zaidi ya wiki tatu, sababu ya kawaida ni koksidia, hasa Eimeria bovis na Eimeria zuernii. Mara nyingi hutokea wiki moja au mbili baada ya msukosuko: kuachishwa maziwa, kuhamishwa, kuwekwa na wakubwa, mvua iliyolowesha banda. Baada ya koksidia fikiria salmonella, kisha mnyoo mjeledi (Trichuris) kwa ndama wakubwa zaidi.

Kinachokwamisha matibabu ni kwamba kimelea hiki hukaa kwenye utumbo wiki mbili hadi tatu kabla ya damu kuonekana. Siku unayoiona damu, ukuta wa utumbo mpana umeshachubuka na dawa haiwezi kuurudisha; itasaidia kidogo kwa huyo, lakini itawaokoa wenzake waliomo banda hilohilo ambao bado wanaonekana wazima. Ndiyo maana hutibiwa kundi, si ndama mmoja.

Chaguo ni hizi:

- Toltrazuril, miligramu 15 kwa kilo, mara moja kwa mdomo. Ya asilimia 5 ni mililita 3 kwa kila kilo 10. Ile ya asilimia 2.5 ya kuku imetengenezwa kuchanganywa kwenye maji mengi. Usimmiminie ndama mdomoni ilivyo.
- Diclazuril, miligramu 1 kwa kilo, mara moja.
- Amprolium, miligramu 10 kwa kilo kila siku kwa siku 5. Kwa unga wa asilimia 20, ndama wa kilo 60 hupata gramu 3 kwa siku. Usirefushe bila ushauri: dawa hii huziba njia ya vitamini B1, na ikizidi huathiri ubongo.

Kama kila kundi linaugua kwenye wiki ya nne, toltrazuril hupewa wiki ya tatu. Ukingoja damu, umechelewa tena. Ukitumia chakula chenye monensin, dawa ya kuzuia koksidia, kiweke mbali na farasi na punda. Kiasi kidogo tu huwaua.

Mpe maji ya chumvi kama ilivyoelezwa, na mtenge kwenye nyasi kavu. Simama na umwite daktari ukiona tetemeko, shingo kupinda nyuma, macho kucheza au degedege: hiyo ni koksidia iliyofika kwenye mfumo wa fahamu, na wengi hawaponi. Mwite pia puru ikitoka nje kwa kujikamua. Ifunike kwa kitambaa safi kilicholowa maji, usiisukume kwa nguvu.

Dalili: tumbo limejaa, manyoya yamesimama, kinyesi cha rangi ya udongo, pumzi yenye harufu ya ajabu

Kwa ndama wa wiki tatu hadi miezi mitatu, ng'ombe au nyati-maji, shuku Toxocara vitulorum kwanza. Jike lake hufika sentimita 30, rangi ya maziwa, na katika ndama mmoja yanaweza kuwamo mengi kiasi cha kuuziba utumbo. Harufu ni ya siagi iliyochacha, na wakati mwingine hata mkojo huwa nayo.

Wengi hushangaa ndama ameipata wapi wakati banda ni safi. Ameipata kwa mama. Viluwiluwi hulala kwenye misuli na viungo vya ng'ombe, huamka karibu na kuzaa, na kupita kwenye maziwa katika siku za mwanzo. Ng'ombe mwenyewe anaonekana mzima, na kumnywesha dawa ya minyoo hakuwafikii wale waliolala. Usimnyime ndama maziwa ya mwanzo kwa sababu hiyo. Bila hayo atakufa kwa mengine.

Dawa ni ya ndama. Levamisole au fenbendazole, miligramu 7.5 kwa kilo, kati ya siku ya 14 na ya 21, kabla minyoo haijakomaa na kutaga. Ukilifanya hilo kwa kila ndama anayezaliwa, mayai kwenye banda hupungua mwaka hadi mwaka. Ndama wakifika miezi minne hadi sita huitoa minyoo wenyewe, hivyo aliyepona ghafla hakuponywa na mitishamba uliyompa jana.

Sababu nyingine za tumbo kubwa: majani magumu kupewa mapema mno, maziwa kumwagikia kwenye tumbo la kwanza na kuchachia humo, na mara chache utumbo kujisokota. Ndama anayepiga tumbo teke, halafu hatoi kinyesi kabisa, usimpe dawa ya minyoo. Utumbo umeziba, na kazi hiyo ni ya daktari.

Dalili: kope na fizi nyeupe, uvimbe laini chini ya taya, anachoka haraka

Kwa anayechunga, sababu ya kwanza ni minyoo inyonyayo damu: Haemonchus tumboni, na Bunostomum kwenye utumbo mwembamba. Uvimbe chini ya taya ni maji yaliyovuja kwa sababu protini ya damu imeisha. Huongezeka akiwa ameinamisha kichwa akila. Kinyesi kinaweza kuwa kigumu kabisa. Haemonchus haiharishi kwa kawaida, na hapo wengi hudanganyika.

Kabla ya kuilaumu minyoo, tafuta kupe na upime joto. Fizi nyeupe zenye homa, au za manjano, au mkojo mwekundu, ni magonjwa ya kupe kama ndigana baridi, na dawa ya minyoo haitagusa chochote. Chawa wengi pia humaliza damu ya ndama mdogo. Pekua shingo na mgongo. Minyoo ya ini huhitaji wiki 10 hadi 12 kukomaa, hivyo si ya ndama mchanga.

Dawa: albendazole au levamisole miligramu 7.5 kwa kilo, au ivermectin miligramu 0.2 kwa kilo chini ya ngozi. Mwongezee chakula chenye protini, na usimkimbize wala kumfunga kwa mapambano. Moyo wenye damu kidogo husimama kwa purukushani. Kope nyeupe kama karatasi zinahitaji kuongezewa damu, na uamuzi huo ni wa daktari.

Dalili: anakula lakini hakui, kinyesi laini wiki nenda wiki rudi

Anza na chakula: maziwa pungufu ni sababu kubwa kuliko mnyoo wowote. Kisha koksidia ya chinichini isiyotoa damu, kisha minyoo duara ya Cooperia na Ostertagia kwa wanaochunga, na mwisho giardia, ambayo hutoa kinyesi cha uji chenye mafuta kwa wa mwezi mmoja hadi sita. Giardia hutibiwa kwa fenbendazole kwa siku 3 mfululizo. Dozi moja ya kawaida haitoshi.

Vipande vyeupe kama punje za wali kwenye kinyesi ni tegu (Moniezia). Vinatisha kwa macho kuliko vinavyodhuru.

Dalili: ndama aliyeonekana mzima amekufa ghafla

Kama analalia maranda ya mbao yenye joto na unyevu, usiisahau Strongyloides. Viluwiluwi vyake hupenya ngozi, huzaliana kwenye matandiko, na maambukizi makubwa yameua ndama kwa kusimamisha moyo bila kuhara kwanza. Ondoa maranda yote. Mzoga mwachie daktari, yeye ndiye aamue kama upasuliwe; usiupasue mwenyewe, kwani sababu nyingine za kifo cha ghafla, kimeta ikiwemo, ni hatari kwa watu.

Dalili: amepewa dawa, hakuna mabadiliko

Fuata mpangilio huu:

1. *Dawa haihusiki.* Ivermectin kwa koksidia, albendazole kwa kripto. Rudi kwenye umri.
2. *Uzito ulikisiwa.* Pima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele na urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa makalio, kwa sentimita. Mzunguko mara mzunguko mara urefu, gawa kwa 10,840, unapata kilo. Mzunguko 80 na urefu 70 ni kama kilo 41.
3. *Nguvu ya dawa haikusomwa.* Ndama wa kilo 60 anahitaji miligramu 450 za albendazole. Kwenye chupa ya asilimia 10 hizo ni mililita 4.5, kwenye ya asilimia 2.5 ni mililita 18. Aliyezoea "mililita tano" akabadilishiwa chupa, amempa robo ya dozi kwa miezi bila kujua. Kinyume chake ni hatari zaidi kwa levamisole: ikizidi, ndama hutoka mate na kutetemeka.
4. *Ameambukizwa upya* kwenye banda au malisho yaleyale.
5. *Minyoo imekuwa sugu.* Mayai ya minyoo kwenye kinyesi yahesabiwe maabara siku ya dawa na tena baada ya siku 14. Yasipopungua kwa asilimia 90 au zaidi, badilisha kundi la dawa, si jina la chupa. Albendazole na fenbendazole ni kundi moja.

Sampuli nayo ina utaratibu wake. Chukua gramu 10 kutoka kwenye puru kwa glovu, si chini. Weka pabaridi bila kugandisha, na ifike maabara ndani ya saa 24. Toa kwa ndama watatu hadi watano, wagonjwa na wazima. Taja umri, na useme wazi kama unataka kripto itafutwe: inahitaji kupakwa rangi maalumu, na anayeombwa "aangalie minyoo" hataiona. Koksidia chache kwa ndama mzima si ugonjwa. Na kwa anayehara damu leo, zinaweza kukosekana kabisa maana bado hazijaanza kutoka.

Ugonjwa unarudi kila kundi jipya

Hapo dawa imefikia mwisho wake, na banda ndilo la kutibiwa. Ondoa kinyesi na matandiko yote kwanza. Hakuna dawa inayopenya samadi. Osha kwa sabuni na maji ya moto, kisha acha pakauke kabisa, kwa jua ikiwezekana. Ukavu na joto la zaidi ya nyuzi 60 huua kripto. Klorini ya kawaida haiui. Haidrojeni peroksidi ya asilimia 3 inaiua. Kwa koksidia tumia dawa yenye klorokresoli.

Mayai ya koksidia yanahitaji unyevu na siku kadhaa kabla ya kuweza kuambukiza, hivyo kuzoa kinyesi kila siku kunasaidia sana. Ya kripto huambukiza papo hapo, kwa hiyo kinachosaidia ni kutenganisha: kila ndama na chumba chake hadi wiki ya tatu au ya nne, ndoo yake na chuchu yake. Lisha wachanga kwanza, wakubwa baadaye, wagonjwa mwisho, na usirudi nyuma na buti zilezile. Vyombo vya maji na chakula viinuliwe juu ya usawa wa mkia.

Mpe maziwa ya mwanzo asilimia 10 ya uzito wake ndani ya saa 6 za kwanza. Hayazuii kripto kuingia, lakini ndama aliyeyapata huwa na nguvu ya kuvuka wiki ile ya kuhara.

Kripto na salmonella huwapata watu pia. Watoto wadogo, wajawazito na wenye kinga dhaifu wasiwahudumie ndama wanaohara. Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka. Kitakasa mikono cha spiriti hakiui kripto. Mtu wa nyumbani akianza kuhara siku chache baada ya ndama, aende hospitali na amweleze daktari kwamba ana ndama wagonjwa.